Mwenye Hasara na Mwenye Ufunguo

Mwaka 2015 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikusanya maoni juu ya jambo lililoonekana kuwa la mawakili peke yao: mtu aliyenunua gari au trekta, je, aruhusiwe kufungua kufuli la programu ya kompyuta iliyomo ndani yake ili alitengeneze? Kampuni ya Deere & Company, ambayo dunia inaijua kwa jina la John Deere na kwa rangi zake za kijani na manjano, ilipeleka maandishi ya kupinga. Ilieleza kwamba mwenye trekta hamiliki programu inayoliendesha. Alichonacho ni leseni, ambayo haikuandikwa popote bali inachukuliwa kuwa imo katika mauzo yenyewe, ya kuendesha chombo hicho kwa muda wote wa uhai wake. Ofisi haikushawishika, na Oktoba ya mwaka huo ruhusa ikatolewa, yenye mipaka mingi, kwa wenye magari na matrekta kuzifungua programu hizo kwa ajili ya matengenezo. Hata hivyo hoja ya kampuni inastahili kupimwa kwa makini kuliko walivyoipima waliokasirishwa nayo tu, kwa sababu inagusa swali la kale sana katika dini na falsafa: mtu anaponunua kitu, ananunua nini hasa? Nami nashikilia kwamba jibu halipatikani kwa kuuliza nani aliandika programu. Linapatikana kwa kuuliza nani anabeba hasara mashine inaposimama.

Historia ya kampuni hii inatusaidia kuliona swali, kwa kuwa ilianzia katika karakana ya mhunzi. John Deere alizaliwa Rutland, Vermont, mwaka 1804, akajifunza uhunzi ujanani, na mwaka 1836, akiwa amelemewa na madeni, akahamia Grand Detour katika jimbo la Illinois. Walowezi wa huko walikuwa wamekuja na plau za chuma cha kusubu walizozizoea mashariki, kwenye udongo mwepesi. Udongo wa mbuga za Illinois ni mweusi, mzito, na unanata. Uligandamana kwenye bapa la plau, hata mkulima akawa hana budi kila baada ya hatua chache kuwasimamisha wanyama, kuinama, kuukwangua kwa kipande cha ubao, kisha kwenda hatua nyingine chache na kuinama tena. Mwaka 1837 Deere alitengeneza plau yenye bapa la chuma cha pua lililosuguliwa mpaka likang'aa. Inasimuliwa kwamba alilipata kwa kukata msumeno wa kiwanda cha mbao uliovunjika. Udongo uliteleza juu ya bapa hilo, na plau ikajisafisha yenyewe kadiri ilivyokwenda. Kila anayesimulia habari hii husifu akili ya mhunzi, na ni haki. Ila kuna jambo jingine ndani yake ambalo halitajwi sana. Aliyeunda msumeno ule hakuwa na neno tena juu yake. Aliuuza, ukatumika, ukavunjika, ukaangukia mikononi mwa mtu mwingine, naye akaugeuza kuwa kitu ambacho muundaji wake hakukifikiria. Uvumbuzi ambao kampuni nzima imesimama juu yake uliwezekana kwa sababu chuma kilichouzwa kilikuwa kimeuzwa kweli.

Mwaka 1848 Deere alihamia Moline, kando ya mto Mississippi, na mwaka 1868 biashara ikasajiliwa rasmi kama kampuni. Karibu na wakati huo huo iliwashtaki washindani wake, Candee na Swan, kwa kuuza plau kwa jina la Moline. Mwishowe Mahakama Kuu ya Illinois ikasema kwamba jina la mji haliwezi kuwa la mtu mmoja. Kila anayefanya kazi mjini humo ana haki ya kulitaja. Tamaa ya kuendelea kushika kile ambacho kimekwisha kuingia mikononi mwa wengi haikuanza na kompyuta, wala kazi ya kuiwekea mpaka haikuanza juzi.

Matrekta yalikuja baadaye, mwaka 1918, Deere ilipoinunua kampuni ya injini ya Waterloo, Iowa, iliyokuwa ikiunda trekta la Waterloo Boy. Mwaka 1923 likatoka Model D, lililoendelea kuundwa kwa miaka thelathini. Injini yake ilikuwa na silinda mbili tu, zimelala ubavu, na Deere iling'ang'ania muundo huo wa silinda mbili hadi mwaka 1960, wakati wengine walishahamia silinda nne. Sababu iliyotangazwa kwa wateja ilikuwa wazi: sehemu zikiwa chache, zinazoharibika ni chache, na mkulima anaweza kuzishughulikia mwenyewe bandani. Katika dhiki kuu ya miaka ya 1930, wakulima waliposhindwa kulipa madeni, kampuni iliamua kuwavumilia badala ya kukimbilia kunyang'anya mashine. Nayataja haya kwa moyo mweupe. Yanaonyesha kwamba hapo zamani kampuni ilielewa trekta likiwa shambani ni la nani, na ilifanya biashara nzuri kwa kuelewa hivyo.

Mashine ya leo ni kitu kingine. Ndani yake mna kompyuta kadhaa zinazowasiliana, na sensa zinazopima joto, mgandamizo, mafuta na moshi unaotoka. Sensa moja ya mfumo wa kusafisha moshi ikipotoka, skrini iliyo mbele ya dereva inaonyesha namba ya hitilafu, na injini inaweza kupunguziwa nguvu mpaka mashine itambae, hata kama pistoni, gia na pampu ni nzima kabisa. Mkulima anaweza kununua kipuri kipya, akakifunga kwa spana yake, kikakaa sawasawa mahali pake. Lakini vipuri vingine havitambuliwi na kompyuta mpaka vitambulishwe kwake kwa programu ya mafundi wa kampuni, Service ADVISOR, ambayo kwa ukamilifu wake ilikuwa kwa mawakala walioidhinishwa tu. Basi mkulima anapiga simu na kungoja fundi mwenye kompyuta. Ngano iliyokauka haingoji: mvua ikiikuta shambani, punje zinachipua ndani ya masuke na bei inaanguka. Ndiyo maana kufikia mwaka 2017 ziliandikwa habari za wakulima wa Marekani waliokuwa wakinunua mtandaoni programu zilizovunjwa kufuli huko Ukraine. Watu hawa hawakuwa wezi wa kazi ya mtu. Walikuwa na mashine waliyoilipia, imesimama, na mavuno mbele ya macho yao.

Sasa tuingie kwenye swali lenyewe. Sheria ya Kiislamu inaitenga mikataba miwili kwa uangalifu. Katika mauzo, kitu chenyewe kinahama, na pamoja nacho yanahama manufaa na hatari zake. Katika ijara, yaani kukodisha, kinachotolewa ni manufaa kwa muda, na kitu kinabaki kuwa cha mwenyewe. Kwa hiyo ukuta wa nyumba ya kupanga ukianguka bila kosa la mpangaji, ni juu ya mwenye nyumba kuusimamisha. Kinachoifunga tofauti hii pamoja ni kanuni moja iliyotokana na hukumu ya Mtume Muhammad (S.A.W.), iliyopokewa kutoka kwa Bibi Aisha. Mtu alinunua mtumwa, akamtumikisha kwa muda, kisha akagundua kasoro na kumrudisha. Muuzaji akadai pato la kazi iliyofanyika katika muda ule. Hukumu ikawa kwamba pato hufuata dhamana: yule ambaye angepata hasara lau kitu kingeangamia mikononi mwake ndiye anayestahiki faida yake. Kesi hiyo ni ya binadamu aliyeuzwa, dhuluma isiyopaswa kuwekwa mizani moja na matatizo ya mashine. Ninachokichukua hapa ni mwendo wa hukumu, na mwendo wake ni wa haki kupita hali iliyouzaa: huwezi kuchuma mahali ambapo umekataa kupoteza.

Tulipime trekta kwa kanuni hiyo. Likiungua bandani, hasara ni ya nani? Thamani yake ikishuka mwaka baada ya mwaka, inashuka katika mali ya nani? Benki ikidai rejesho, inamdai nani? Na mazao yakioza kwa sababu programu imekataa kuwaka? Swali hili la mwisho kampuni yenyewe ililijibu. Mkataba wa leseni iliyoutoa mwaka 2016 ulizuia karibu kila namna ya kuigusa programu, na papo hapo ukaiondolea kampuni lawama ya mazao kupotea au faida kukosekana kutokana na programu kufanya kazi au kutofanya. Kila hasara inaelekea upande mmoja. Basi kwa kanuni ya dhamana mkulima ndiye mwenye mali kamili, na anayebaki na ufunguo anashika kitu kisicho chake. Hata ile leseni ya kudumu muda wa uhai wa mashine inajivuruga yenyewe, kwa kuwa mwenye uwezo wa kuzuia matengenezo ndiye anayeamua uhai huo utafika wapi.

Thomas Aquinas, akiandika juu ya riba katika karne ya 13, alikaribia hapo kwa njia nyingine. Alisema kuna vitu ambavyo kuvitumia ni kuvimaliza, kama divai na ngano, na anayeviuza kisha akadai malipo mengine kwa matumizi yake anauza kitu kimoja mara mbili. Nyumba haiko hivyo. Unaweza kuyatoa matumizi yake na ukabaki nayo. Mtu anaweza kusema trekta ni kama nyumba, na kwa hiyo kampuni haikosei ikitenganisha chombo na matumizi yake. Nakubali kwamba inaweza kutenganisha. Hakuna dhambi katika kukodisha matrekta. Ila ikikodisha, ilipe gharama za matengenezo, ibebe uchakavu, na ipunguze bei trekta linaposimama. Kosa liko katika kuchukua bei kamili ya mauzo, kumwachia mnunuzi hatari zote za mauzo, na kubaki na mamlaka ambayo ni ya mkodishaji peke yake.

Wapo watakaosema kwamba programu ni jasho la akili ya watu, na jasho hilo lina haki yake. Ni kweli, na sitaki kulipuuza. Mwandishi akiuza kitabu haki ya maandishi inabaki kwake. Mnunuzi hana ruhusa ya kukichapa upya na kukiuza. Lakini kurasa zikichomoka, hakuna mwandishi aliyewahi kudai kwamba zishonwe na mtu wake tu. Hakimiliki inalinda kazi isinakiliwe. Mkulima hataki kuinakili. Anataka kujua namba ya hitilafu ina maana gani, na kuiambia kompyuta kwamba sensa mpya imefika. Kuigeuza haki ya kutonakiliwa kuwa haki ya kutofunguliwa ni kuipeleka mahali ambapo sababu iliyoizaa haifiki.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la ridhaa. Mkulima ni mtu mzima, amesoma au angeweza kusoma masharti, na amenunua kwa hiari yake. Anayependa uhuru wa watu kuafikiana hawezi kulitupa hili. Lakini dini hazijakubali kamwe kwamba ridhaa peke yake inahalalisha kila sharti. Bibi Aisha alipotaka kumnunua Barira ili amwache huru, mabwana zake walikubali kuuza kwa sharti kwamba ule uhusiano wa kisheria kati ya aliyeachwa huru na aliyemwacha ubaki kwao. Mtume akasimama mbele ya watu na kueleza kwamba sharti lisilo na msingi katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu ni batili, hata yakiwa masharti mia, na kwamba uhusiano huo ni wa yule aliyemwacha huru. Mauzo yalisimama, sharti lilianguka. Wanazuoni wametofautiana kuhusu upana wa hukumu hii: Wahanbali wanaruhusu masharti mengi kuliko Mashafii, ambao ndio wengi katika pwani yetu. Lakini sharti linalopinga lengo la mkataba wenyewe, kwa mfano kumuuzia mtu kitu ili asikimiliki, halina nafasi kwa wote. Naona kufuli la trekta limesimama hapo hapo. Tena ridhaa yenyewe ni nyembamba, kwa kuwa leseni za namna hii huhesabiwa kuwa zimekubaliwa kwa kule kuitumia mashine tu, na waundaji wa mashine kubwa ni wachache. Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24, inakataza kulitwaa jiwe la kusagia liwe rehani, kwa kuwa kufanya hivyo ni kuutwaa uhai wa mtu. Hapo pia mdaiwa angeweza kuridhia, na huenda angeridhia haraka kwa njaa aliyonayo. Sheria ilimkinga kwa sababu chombo ambacho mtu anakitegemea kwa chakula hakiwezi kutendewa kama bidhaa nyingine yoyote.

Wengine hutaja usalama na hewa safi. Mkulima akiweza kuingia kwenye programu, wanasema, ataizima mifumo ya kusafisha moshi, ataongeza nguvu ya injini kupita kiasi, atajidhuru na kuwadhuru wengine. Wapo watakaofanya hivyo, na wakifanya waadhibiwe. Wajibu wa kutochafua hewa ni sehemu ya wajibu wa mwenye mali. Lakini Agosti 2023 shirika la serikali ya Marekani la mazingira, EPA, liliuandikia umoja wa wakulima wa National Farmers Union kwamba sheria ya hewa safi si kisingizio cha kuwazuia watu kutengeneza mashine zao. Na anayetaka kuona hoja ya usalama inaweza kufika wapi asome Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 13. Wafilisti walihakikisha hakuna mhunzi katika nchi yote ya Israeli, wasije Waebrania wakajitengenezea panga na mikuki. Kwao ilikuwa hoja ya usalama, na kwa mahesabu yao ilikuwa na maana. Matokeo yake yalikuwa kwamba kila Mwisraeli aliyetaka kunoa plau, jembe au shoka alishuka kwa Wafilisti na kulipa. Mwandishi wa kitabu hicho aliona ni lazima aitaje hata bei. Alijua kwamba taifa lisiloweza kunoa jembe lake limeshindwa kabla ya vita kuanza.

Mfano wa karibu zaidi ulitokea mwaka 2022. Wanajeshi wa Urusi walichukua mashine za John Deere kutoka kwa wakala mjini Melitopol, Ukraine, na Mei mwaka huo ikaripotiwa kwamba baadhi yake zilisafirishwa hadi Chechnya, ambako zilikutwa haziwezi kuwaka: zilikuwa zimefungwa kutoka mbali. Wengi walifurahi, na mwizi hakuwa na haki ya kunufaika. Lakini tukio hilo lilithibitisha kwamba yuko mtu, mbali na shamba, anayeweza kuamua mashine iwake au isiwake. Siku ile mamlaka hayo yalitumiwa vizuri. Swali la kimaadili halihusu siku moja. Linahusu uhalali wa mamlaka yenyewe, na wema wa anayeyatumia leo hauwezi kuwa hati ya kuyamiliki daima.

Kampuni itajibu kwamba mambo yamebadilika, na kwa sehemu yamebadilika. Tarehe 8 Januari 2023 ilitia saini makubaliano na shirikisho la wakulima la American Farm Bureau Federation, ikaahidi kuwapa wakulima na mafundi huru vifaa na maelezo ya matengenezo. Mwaka 2025 ilitoa programu mpya ya kazi hiyo, kwa ada. Ni hatua njema kwa mtu mwenye mashine iliyosimama. Lakini makubaliano yale yalilitaka shirikisho lisiunge mkono sheria za haki ya kutengeneza, na hapo ndipo tofauti ninayoitetea inapoonekana. Ruhusa hutoka kwa mwenye mali kwenda kwa asiye na mali, na aliyeitoa anaweza kuipunguza, kuipandishia bei au kuiondoa. Anayekubali kupewa ruhusa juu ya kitu chake amekubali kwamba si chake. Jimbo la Colorado liliuona ukweli huo, likapitisha mwaka 2023 sheria ya kwanza Marekani ya haki ya kutengeneza zana za kilimo, iliyoanza kutumika Januari 2024. Na Januari 2025 Tume ya Biashara ya serikali ya shirikisho ya Marekani, pamoja na majimbo ya Illinois na Minnesota, ilifungua kesi dhidi ya Deere, ikidai kwamba imehodhi soko la matengenezo. Kesi hiyo ni ya sheria ya ushindani. Jambo la umiliki litabaki hata kampuni ikishinda, kwa sababu soko linaweza kuwa na washindani kumi, na wote kumi wakauza mashine na kubaki na funguo.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili halijakaa mbali kama linavyoonekana. Matrekta ya zamani ya Massey Ferguson yaliyoundwa miongo mingi iliyopita bado yanalima Kenya na Tanzania, na yanalima kwa sababu fundi wa mjini aliweza kufungua injini, kuchonga bushi, kubadilisha ringi na kuyarudisha shambani bila kumwomba mtu idhini. Mashine zenye kufuli nazo zitafika, nyingine zikiwa mpya kwa mkopo, nyingine zikiwa mikono ya pili na ya tatu, mahali ambapo wakala aliyeidhinishwa yuko mbali kwa siku nzima ya safari. Chama cha ushirika au halmashauri inayonunua zana hizo ina nafasi moja tu ya kuuliza, nayo ni kabla ya kulipa: je, programu ya kupima hitilafu, maelezo ya matengenezo na uwezo wa kusajili vipuri vinakabidhiwa pamoja na mashine, kwa mnunuzi wa kwanza na kwa atakayemuuzia? Muuzaji akikataa, basi mkataba uandikwe kwa jina lake la haki, ambalo ni ukodishaji: kodi ilipwe kwa msimu, matengenezo yawe juu yake, na kwa kila siku ambayo mashine imesimama shambani, akatwe yeye.